Usafishaji wa Damu Nyumbani Wakati wa Mlipuko wa Maradhi: Somo kwa Mgonjwa na Msaidizi Wake

Kila mlipuko wa maradhi ya kuambukiza unapotangazwa, maagizo kwa umma hufuata: nawa mikono, fungua madirisha, kunywa maji kwa wingi, kula matunda, kaa nyumbani. Ni maagizo mema, ila yameandikwa kwa kumkusudia mtu ambaye figo zake zinafanya kazi. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa, na ambaye damu yake husafishwa nyumbani, anaweza kudhurika akiyafuata neno kwa neno. Na akiyapuuza anaweza kudhurika vilevile. Somo hili linayapitia maagizo hayo na kueleza namna yanavyobadilika yanapoingia katika nyumba ya mgonjwa wa namna hiyo. Inafaa lisomwe siku za salama, mgonjwa na msaidizi wake wakiwa pamoja.

Nchini Tanzania wagonjwa wengi wenye figo zilizoshindwa kabisa husafishwa damu kwa mashine hospitalini, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Wanaojisafishia nyumbani ni wachache, na njia inayozungumzwa zaidi hapa ni ile ya tumbo. Daktari hupandikiza mrija laini ambao ncha yake moja hukaa ndani ya tumbo na nyingine hubaki nje, ikiwa na kifuniko. Kupitia mrija huo maji ya dawa, kwa mtu mzima aghalabu lita 2, huingizwa tumboni na kuachwa kwa saa 4 hadi 6. Utando laini unaofunika viungo vya ndani ya tumbo huwa ndio chujio: uchafu wa damu na maji yaliyozidi hupenya na kuingia katika maji hayo, kisha yote hutolewa na mfuko mpya kuingizwa. Zamu hizo huwa nne kwa siku kwa wagonjwa wengi, na kila zamu huchukua takriban nusu saa. Hakuna sindano wala mashine kubwa. Kuna mfuko, mrija na mikono ya watu wawili.

Mikono na hewa

Hatari kuu ya njia hii hutokea katika dakika chache ambazo kifuniko kimeondolewa na mrija haujaunganishwa na mfuko. Kijidudu kinachoangukia ncha ya mrija wakati huo kina njia ya moja kwa moja ya kuingia tumboni. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa tumbo alikuwa akivaa barakoa na kunawa kwa utaratibu maalumu tangu zamani, kabla jamii nzima haijazizoea barakoa mwaka 2020 wakati wa UVIKO-19. Mlipuko hauondoi utaratibu huo, na wala hauruhusu kuufupisha kwa kisingizio kwamba mikono imenawishwa mara nyingi mno siku hiyo.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 40 hadi 60, kisha ikaushwe kabisa kwa kitambaa safi ambacho hakijatumiwa na mwingine, au kwa karatasi. Kukausha ndiko kunakosahauliwa sana. Mkono wenye unyevu huhamisha vijidudu kwa urahisi kuliko mkono mkavu, na maji ya bomba, hata yale yanayofaa kunywa, si maji yasiyo na vijidudu kabisa. Palipo na kipindupindu, maji ya kunawia kabla ya zamu yawe yamechemshwa au yametiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoelekezwa. Baada ya mikono kukauka, kitakasa mikono chenye kileo hupakwa na kuachwa kikauke chenyewe. Kitakasa mikono peke yake, juu ya mikono michafu, hakitoshi.

Hapa Mamlaka ina neno la kuongeza. Wakati wa UVIKO-19 mahitaji ya vitakasa mikono yalipanda ghafla duniani kote, na baadhi ya vilivyoingia sokoni viligunduliwa kuwa na methanoli, aina ya kileo chenye sumu ambacho hupenya ngozini na kwenye mapafu. Kuanzia Juni 2020 wadhibiti wa Marekani walitoa tahadhari mfululizo kuhusu bidhaa za aina hiyo. Mnunuzi achague chupa yenye lebo inayotaja aina ya kileo na kiwango chake, kisichopungua asilimia 60, pamoja na jina na anwani ya mtengenezaji. Chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa kitakasa kisichojulikana kilikotoka isiingie kabisa katika chumba cha zamu.

Kuhusu hewa, maagizo mawili yanapingana waziwazi. Maradhi yanayoenea kwa njia ya hewa yanataka madirisha wazi. Mrija uliofunguliwa unataka madirisha yafungwe na feni izimwe, vumbi lisipeperuke. Ufumbuzi ni wa saa, si wa kuchagua mojawapo. Madirisha yawe wazi kabla ya zamu; yafungwe mrija unapounganishwa na unapotenganishwa, huku mgonjwa na msaidizi wakiwa na barakoa na watu wengine wakiwa nje ya chumba; kisha yafunguliwe tena. Wakati maji yanatiririka kutoka au kuingia na viungio vyote vimefungwa, hakuna haja ya kujifungia kwenye chumba chenye hewa nzito.

Maji ya kunywa, kuhara, na mfuko wenye sukari nyingi

Sehemu hii isomwe polepole, kwa kuwa hapa ndipo mazoea ya siku za kawaida yanapoweza kuua.

Maji ya dawa huvuta maji kutoka mwilini kwa nguvu ya sukari iliyomo. Mifuko inayotumika sana huwa na sukari ya asilimia 1.5, 2.5 au 4.25. Kadiri sukari inavyozidi ndivyo mfuko unavyovuta zaidi, na ule wa 4.25 unaweza kutoa zaidi ya nusu lita ya maji ya mwili kwa zamu moja. Katika siku za kawaida mgonjwa hufundishwa mambo mawili: apunguze kunywa, na miguu ikivimba au pumzi ikiwa nzito atumie mfuko wenye sukari zaidi kama alivyoelekezwa na kliniki. Baada ya mwaka mmoja au miwili, mafunzo hayo huwa tabia.

Sasa kipindupindu kinaingia mtaani. Tanzania inakifahamu: mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa katika mikoa mingi ya Bara na kufika Zanzibar, na tangu wakati huo ugonjwa huu umerudi mara kadhaa. Mtu mwenye kipindupindu kikali anaweza kupoteza maji kwa lita nyingi ndani ya siku moja. Mgonjwa wa figo hana kinga dhidi ya upotevu huo. Kwamba alikuwa akizuiwa kunywa hakumaanishi kwamba mwili wake una akiba isiyokwisha.

Tuchukue mfano. Mgonjwa ana uzito lengwa wa kilo 62, yaani uzito ambao daktari ameupanga kuwa ndio wake akiwa hana maji yaliyozidi. Anahara usiku kucha, na asubuhi mizani inaonyesha kilo 59 na nusu. Amepungukiwa na takriban lita 2 na nusu za maji. Ikiwa, kwa mazoea, ataning'iniza mfuko wa 4.25 kwa kuwa ndio aliokuwa akiutumia kila usiku, mfuko huo utaendelea kumkamua maji ambayo hana. Shinikizo la damu litashuka, atazimia akisimama, na kile kidogo ambacho figo zake bado zilikuwa zikikifanya kinaweza kupotea moja kwa moja. Mgonjwa huyu anatakiwa aanze kunywa maji ya ORS tangu choo cha kwanza chenye majimaji, apige simu kliniki yake kabla ya zamu inayofuata ili aambiwe mfuko upi autumie au kama zamu isogezwe mbele, na apelekwe katika kituo cha matibabu ya kipindupindu bila kungoja. Zamu na safari zikigongana, safari itangulie.

Wengine huogopa ORS kwa kuwa ina madini ya potasiamu, na wamesikia kwamba potasiamu ni adui wa mgonjwa wa figo. Hofu hiyo imetoka kwa wagonjwa wa mashine, ambao potasiamu hujilimbikiza mwilini mwao kati ya siku moja ya kusafishwa na nyingine. Kwa mgonjwa wa tumbo hali mara nyingi ni kinyume. Maji ya dawa ya kawaida hayana potasiamu, kwa hiyo huiondoa mwilini kila zamu, mchana na usiku. Wagonjwa kadhaa huwa nayo pungufu hata wakiwa na afya njema, na kuhara huipunguza zaidi. ORS ichanganywe kama pakiti inavyoeleza, aghalabu pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, isiongezwe sukari wala chumvi.

Afikapo kituoni, mgonjwa au msaidizi aseme jambo moja mapema: figo za mtu huyu hazifanyi kazi, na damu yake husafishwa kwa njia ya tumbo. Wahudumu wa kipindupindu hupima maendeleo ya mgonjwa kwa kuuliza, pamoja na mambo mengine, kama amekojoa. Kwa mtu ambaye hakojoi hata siku za afya, swali hilo halina maana, na jibu lake linaweza kuwapotosha. Wapewe badala yake uzito lengwa, uzito wa asubuhi hiyo na vipimo vya shinikizo la damu. Wasimnyime maji ya mshipani eti kwa kuwa ni mgonjwa wa figo. Wamwekee kwa kupima. Nao waulizwe kuhusu dawa za shinikizo la damu na za kukojosha, ambazo huenda zikahitaji kusimamishwa kwa siku chache.

Jambo dogo kuhusu mizani: lita 2 za maji zilizomo tumboni ni kilo 2. Atakayejipima leo tumbo likiwa na maji na kesho likiwa tupu ataona kupungua ambako hakupo. Hali iwe ileile kila asubuhi.

Matunda, kujifukiza na vidonge vya dukani

Kila mlipuko huja na tiba zake za mitaani. Mwaka 2020 wengi wetu tulijifukiza kwa mvuke wa majani, tukanywa tangawizi na ndimu kwa vikombe. Kwa mgonjwa wa tumbo mvuke una ubaya wa pekee: blanketi, sufuria inayochemka na jasho jingi havipatani na kidonda cha mrija, ambacho hutakiwa kuwa kikavu, na maji ya moto yakimwagikia tumbo yanaweza kumpotezea mrija. Asijifukize.

Madafu hunywewa sana na wanaohara, hasa pwani, na yana potasiamu nyingi kupita kiasi kinachoweza kukadiriwa nyumbani. Kwa yaliyoelezwa hapo juu, si kila mgonjwa wa tumbo atadhurika nayo, lakini uamuzi huo ufanywe kwa kipimo cha damu cha karibuni, si kwa kubahatisha. Birimbi yaachwe kabisa. Asidi ya oksaliki iliyomo ni mzigo hata kwa figo nzima, juisi yake ikinywewa kwa wingi.

Homa ikipanda, parasetamoli kwa kipimo cha kawaida ndiyo ya kutangulia, na mgonjwa ajue kwamba homa kwake ina maana mbili, kama tutakavyoona. Dikilofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa dukani kama njugu, zisitumike bila idhini ya daktari. Watu husema figo zimeshakufa, dawa itaharibu nini tena? Kwa mgonjwa wa tumbo, mkojo mdogo uliobaki ni mali. Kikombe kimoja kwa siku humpunguzia mzigo wa zamu na kumwongezea maisha, na dawa hizo hukiondoa.

Kaa nyumbani, isipokuwa mfuko ukiwa na ukungu

Faida kubwa ya njia ya tumbo wakati wa mlipuko ni kwamba mgonjwa hapandi daladala mara tatu kwa wiki kwenda kukaa saa nne katika ukumbi wenye wagonjwa wengine. Kliniki nyingi zinaweza kumfuatilia kwa simu, akiwasomea uzito wake, shinikizo la damu na kiasi cha maji kilichotoka. Chanjo zilizopendekezwa na daktari wake zisiahirishwe kwa hofu ya kutoka, kwani mwili wa mgonjwa wa figo hujikinga kwa udhaifu kuliko wa wengine.

Hata hivyo faida hii ina mtego. Maji yanayotoka tumboni huwa maangavu, ya manjano hafifu. Maandishi yaliyowekwa nyuma ya mfuko husomeka. Yakitoka na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele, ni maambukizi ya utando wa tumbo mpaka vipimo vikanushe. Maumivu ya tumbo na homa vinaweza kuwapo au visiwepo. Huo si ugonjwa wa kungoja kesho. Kila saa inayopita kabla ya dawa huongeza uwezekano wa mrija kung'olewa, na maambukizi yanaweza kumuua mgonjwa. Wakati wa mlipuko watu huogopa hospitali, na mgonjwa mwenye mfuko wenye ukungu hujishawishi kwamba atajaribu zamu moja zaidi, labda maji yatatakata. Asijaribu. Apige simu kueleza kwamba anakuja na kama ana kikohozi, kuhara au amekutana na mtu mwenye maradhi yaliyotangazwa, ili apokelewe mahali pake, avae barakoa, auchukue mfuko huo wenye maji yake, umefungwa ndani ya mfuko mwingine, kwa kuwa maabara itauhitaji. Antibiotiki iliyobaki ya mwaka jana isinywewe njiani. Itaficha kijidudu kinachotafutwa.

Homa katika siku za mlipuko, basi, iulizwe maswali yote mawili: la maradhi yanayozunguka na la mfuko. Kupata jibu la moja hakufuti la pili.

Akiba ya mifuko

Zamu nne kwa siku ni mifuko 120 kwa mwezi, yenye uzito wa kilo 240 na zaidi. Si mzigo wa kuagiza kwa bodaboda siku barabara zimefungwa. Akiba ya wiki mbili juu ya matumizi ya kawaida, yaani mifuko 56, ni kiasi cha busara. Kuna sababu ya kufikiria hata zaidi katika maeneo yanayopakana na milipuko ya Marburg au Ebola. Mkoa wa Kagera ulipatwa na Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Aliyekutana na mgonjwa wa maradhi hayo hufuatiliwa kwa siku 21, na siku 21 ni mifuko 84. Mgonjwa anayewekwa chini ya ufuatiliaji aeleze siku hiyohiyo kwamba ana zamu nne kwa siku, na msaidizi wa pili awe amefundishwa mapema, kwa maana wa kwanza anaweza kuwa ndiye aliyetengwa.

Maboksi yakae juu ya mbao au meza, mbali na jua na sakafu yenye maji, yale yanayokaribia tarehe ya mwisho yakiwa mbele. Kabla ya kutumia, mfuko uminywe kuona kama unavuja, utazamwe kwenye mwanga, na asilimia ya sukari isomwe kwa sauti. Usipashwe moto kwa kutumbukizwa katika maji. Viungio hulowa na kubeba vijidudu.

Akiba ikipungua, mgonjwa asipunguze zamu kwa uamuzi wake, asiazime mifuko isiyojulikana ilivyohifadhiwa, na kifuniko kilichotumika kisirudiwe. Baadhi ya hospitali hutengeneza maji haya wakati wa dharura kwa kuongeza sukari katika chupa za maji ya mshipani. Hiyo ni kazi ya wataalamu, kwa mgonjwa aliyelazwa, jikoni haifanyiki. Mfuko unaovuja, wenye chembechembe au wenye lebo yenye mashaka uhifadhiwe bila kutumika, namba ya toleo iandikwe, na taarifa itolewe kwa kliniki na kwa TMDA kupitia ofisi ya kanda iliyo karibu.

Maji yaliyotoka, na neno fupi kuhusu mashine

Mgonjwa akiwa na maradhi ya mlipuko, maji yatokayo tumboni yahesabiwe kuwa yanaambukiza. Msaidizi avae glavu na kinga ya macho, ayamimine chooni polepole yasiruke, na asafishe mahali palipomwagika kwa klorini ya asilimia 0.5: sehemu moja ya dawa ya dukani yenye asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji. Klorini hiyo isiguse mrija wala ngozi inayouzunguka.

Kwa anayetumia mashine nyumbani, jambo moja linamhusu. Wakati wa kipindupindu mamlaka za maji zinaweza kuongeza klorini katika bomba. Inamlinda anayekunywa, lakini ikipita hadi kwenye mashine huvunja chembe nyekundu za damu. Maji yapimwe baada ya vichujio vya mkaa kabla ya kila zamu, na klorini yote isizidi miligramu 0.1 kwa lita.

Mazoezi kwa mgonjwa na msaidizi

1. Andikeni uzito lengwa, simu ya kliniki ya mchana na ya usiku, na aina ya mfuko wa kila zamu katika karatasi moja. Je, msaidizi wa pili anajua ilipo?

2. Ni saa nane usiku. Mgonjwa amehara mara tatu na amepungua kilo moja na nusu. Zamu ijayo ni saa kumi na mbili asubuhi. Mtafanya nini kati ya saa hizo mbili, na kwa mpangilio upi?

3. Mgonjwa anakohoa na ana homa. Maji yaliyotoka yana ukungu kidogo. Semeni kwa sauti maneno mtakayoyasema kwenye simu.

4. Hesabuni mifuko iliyopo nyumbani leo. Inatosha siku ngapi?